Ukuzaji wa michoro na funguo za utambuzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi wa baiolojia kidato cha kwanza hadi cha nne, pamoja na walimu wanaowaandalia mazoezi ya maabara. Mifano imetoka Tanga na pwani yake: mikoko ya Sahare na Mwambani, kaa na kamba wa sokoni, uzi wa katani, na kitunguu cha jikoni. Kama una swali moja tu linalokusumbua, ruka hadi hapo. Huna haja ya kusoma kwa mfuatano.

Ukuzaji ni nini hasa?

Ni namba inayoonyesha mchoro au picha ni mara ngapi ya kitu chenyewe. Hupatikana kwa kugawanya:

ukuzaji = urefu kwenye mchoro ÷ urefu wa kielelezo (kitu chenyewe unachokichora)

Tuseme jani la mchu lina urefu wa mm 62, nawe umelichora likafika mm 124. Gawanya 124 kwa 62, unapata 2, kisha andika ×2 chini ya mchoro, karibu na jina lake. Namba hii haina kizio. Milimita zimegawanywa kwa milimita zikaisha, kwa hiyo anayeandika "×2 mm" anaonyesha kwamba amekariri kanuni bila kuielewa.

Nimetazama mdudu kwa lenzi ya mkono ya ×10. Si niandike ×10?

Hapana. Hili ndilo kosa linaloongoza kwenye daftari za maabara. Lenzi imekusaidia kuona. Ukubwa wa mchoro umeuamua wewe na penseli yako. Wanafunzi wawili wanaweza kutazama mchwa mmoja wa mm 6 kwa lenzi ile ile, mmoja akamchora mm 90 na mwingine mm 48. Wa kwanza ukuzaji wake ni ×15, wa pili ni ×8. Hakuna hata mmoja mwenye ×10, na wote wako sahihi.

Hadubini nayo ni vivyo hivyo. Namba zilizochorwa kwenye lenzi ni za picha inayoingia jichoni, si za mchoro ulio kwenye karatasi.

Nipime sehemu gani ya kielelezo?

Yoyote iliyonyooka na yenye mwanzo na mwisho unaoonekana wazi, mradi upime sehemu hiyo hiyo kwenye mchoro. Ukipima upana wa gamba la kaa mwenyewe, nenda kapime upana wa gamba kwenye mchoro. Kuna wanaopima kaa kutoka gando hadi gando, kisha kwenye mchoro wanapima gamba tu. Hesabu haitawaonya, itatoa namba nzuri isiyo na maana.

Kwa jani, amua mapema kama kikonyo kimo au hakimo. Chora vistari viwili vifupi vya penseli pembeni ya mchoro kuonyesha ulipoanzia na ulipoishia kupima, na uandike vipimo vyote viwili. Mwalimu akiona vipimo hivyo anaweza kufuata hesabu yako hata kama umekosea kugawanya.

Kitu chenye umbo la duara au kilichopinda kinasumbua kwa rula. Kwa kaa, mweke katikati ya viberiti viwili vilivyosimama wima na kutazamana, kisha pima nafasi iliyo kati yake. Kwa kitu kilichopinda, kama mbegu ndefu ya mkoko, fuata mgongo wake kwa uzi, kisha nyoosha uzi juu ya rula. Kwenye mchoro pia tumia uzi, maana ukipima kimoja kwa uzi na kingine kwa mstari ulionyooka umeshapoteza uwiano.

Rula ina makosa gani?

Mawili. Rula nyingi za plastiki zina kipande kitupu kabla ya alama ya sifuri, na za mbao huwa zimelika ncha. Anza kwenye alama ya sm 1, kisha toa sm 1 kwenye jibu. La pili ni jicho: likikaa upande, unasoma alama ya jirani. Liweke juu kabisa ya alama.

Milimita moja inaweza kuonekana haina uzito, lakini kwenye kitu kidogo ina uzito mkubwa. Mdudu wa mm 12 aliyechorwa mm 96 ni ×8. Ukimsoma kimakosa kuwa mm 13, ukuzaji unashuka hadi ×7.4. Kwenye jani la mm 200 kosa hilo hilo halionekani kabisa.

Nimepata ×0.2 na mwenzangu ×2, na michoro yetu inalingana. Nani kakosea?

Karibu kila mara ni yule aliyechanganya vizio. Mchoro ameupima kwa sentimita (12.4) na jani kwa milimita (62). Pima vyote kwa milimita tangu mwanzo, hata kile kikubwa. Kisha angalia kwa macho: kama mchoro ni mkubwa kuliko kitu, jibu lazima lizidi 1. Ukiwa na 0.2 mkononi na mchoro umejaa ukurasa, rudi kwenye vizio kabla ya kurudi kwenye hesabu.

Kwani ukuzaji unaweza kuwa chini ya 1?

Ndiyo, na si kosa. Mbegu ya mkoko yenye urefu wa mm 420 haiingii kwenye daftari. Ukiichora mm 140, ukuzaji ni 140 ÷ 420, yaani ×0.33. Silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu za kina kirefu, akiwa na urefu wa mita 1.5 na ukamchora sm 15, ni ×0.1. Badilisha mita ziwe milimita kwanza: 150 ÷ 1500.

Ambacho hakipo ni ukuzaji wa sifuri au wa hasi. Ukipata hivyo, kikokotoo kimebonyezwa vibaya.

Nichore kwanza ndipo nihesabu, au nihesabu kwanza?

Hesabu kwanza, ingawa wengi hufanya kinyume. Pima kielelezo, pima nafasi iliyopo kwenye karatasi, gawanya, kisha shuka hadi namba nzima iliyo karibu. Mfano: kichwa na kifua cha kamba, bila mkia, ni mm 36, na nafasi uliyo nayo ni mm 150. 150 ÷ 36 ni kama 4.2. Chagua ×4. Sasa mchoro wako utakuwa mm 144, na kila sehemu nyingine unaizidisha kwa 4 kabla ya kuichora: jicho la mm 3 linakuwa mm 12, mguu wa mm 22 unakuwa mm 88. Uwiano unatoka sahihi wenyewe, na ukuzaji unaujua kabla hujagusa penseli.

Anayechora kwanza kwa kukadiria mara nyingi hufika mkiani akakuta ukurasa umekwisha, akaukunja mkia. Kamba wa namna hiyo ni wengi kwenye daftari.

Penseli iwe HB iliyochongwa vizuri, mstari mmoja usiorudiwarudiwa, bila vivuli. Mstari mnene wa mm 2 nao unaingiza kosa kwenye kipimo, kwa sababu hujui upime ukingo wa ndani au wa nje.

Tarakimu ngapi baada ya nukta?

Moja inatosha, na kama ulichagua namba nzima, andika namba nzima. Rula ya kawaida haisomi chini ya nusu milimita, kwa hiyo ×2.0208 ni kujidanganya. Chini ya 1, tarakimu mbili zinafaa: ×0.33.

Mbona mchoro wa ×2 unajaza nafasi mara nne?

Kwa sababu ukuzaji unahesabiwa kwa urefu. Urefu umeongezeka mara mbili na upana mara mbili, kwa hiyo eneo ni mara nne. Swali la mtihani likisema "ukuzaji", jibu kwa urefu, usizidishe eneo.

Kwenye hadubini, namba ya lenzi zote mbili naijumlisha au naizidisha?

Unazidisha. Lenzi ya jicho ya ×10 pamoja na lenzi ya chini ya ×4 inatoa ×40. Ikiwa ya chini ni ×10 inakuwa ×100. Ikiwa ya chini ni ×40 inakuwa ×400. Soma namba ya lenzi ya jicho kabla ya kuandika, maana si hadubini zote zina ×10.

Seli siwezi kuiwekea rula. Ukubwa wake halisi naupataje?

Unapima duara la mwanga unaloliona, kisha unalitumia kama rula. Swali hili ndilo gumu kuliko mengine ya ukuzaji, kwa hiyo twende polepole.

Anza na lenzi ndogo kabisa, ile inayotoa ×40. Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga mahali pa slaidi na usogeze mpaka alama moja ya milimita iguse ukingo wa kushoto wa duara. Hesabu milimita hadi ukingo wa kulia. Hadubini nyingi za shule hutoa karibu mm 4.5, lakini pima ya kwako.

Kwenye lenzi kubwa rula haifai tena. Alama moja inajaza nusu ya duara. Hapo unahesabu. Ukuzaji ukipanda, duara linapungua kwa kiasi hicho hicho:

- kwa ×40: mm 4.5
- kwa ×100: 4.5 × 40 ÷ 100 = mm 1.8
- kwa ×400: 4.5 × 40 ÷ 400 = mm 0.45

Milimita moja ni mikromita (µm) 1000. Kwa hiyo duara la ×100 ni µm 1800.

Sasa chukua ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, tone la ayodini, na kifuniko cha slaidi. Kwa ×100, tafuta mstari wa seli unaopita katikati kabisa ya duara na uzihesabu kutoka ukingo hadi ukingo, nusu nazo ukizihesabu kama nusu. Ukipata seli 6 zilizopangana kwa urefu, kila moja ina wastani wa 1800 ÷ 6 = µm 300. Kama umeichora moja kwa urefu wa mm 90, badilisha: mm 90 ni µm 90,000. Gawanya kwa 300, unapata ×300. Hiyo ndiyo namba ya kuandika chini ya mchoro, ingawa hadubini ilisema ×100.

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu seli kwenye mstari ulio juu au chini ya katikati. Hapo upana wa duara ni mfupi, seli zinazoingia ni chache, na kila seli inaonekana ndefu kuliko ilivyo.

Unene nao hupimwa kwa njia hiyo. Uzi mmoja wa katani ukichukua takriban sehemu moja ya tisa ya duara la ×100, unene wake ni 1800 ÷ 9, yaani µm 200, au mm 0.2.

Kuna mstari mfupi chini ya picha umeandikwa "50 µm". Wa nini?

Ni mstari wa kipimo. Unasema kwamba urefu wake kwenye karatasi unawakilisha µm 50 za kitu chenyewe. Upime kwa rula. Ukiwa mm 20, hiyo ni µm 20,000. Gawanya kwa 50, ukuzaji wa picha ni ×400.

Usigawanye 20 kwa 50. Na usifikiri mstari huo ni wa kupambia: ndio kipimo cha kuaminika kuliko namba iliyochapwa pembeni. Karatasi ya A4 ikitolewa kopi kwenye A5, kila kitu kinashuka hadi takriban asilimia 71. Mstari wa mm 20 unakuwa mm 14.2, na ukuzaji mpya ni 14,200 ÷ 50 = ×284. Lakini maneno "×400" yaliyochapwa yanabaki "×400" na yanadanganya. Mwalimu anayetoa kopi za maswali ya zamani na apime upya kabla ya kusahihisha, la sivyo atamnyima alama mwanafunzi aliyefanya kazi vizuri.

Kwa picha za simu, weka rula kando ya kielelezo, kwenye usawa ule ule, kabla ya kupiga. Ukivuta picha kwa vidole, rula inakua pamoja na kitu, na uwiano unabaki. Rula ikiwa chini mezani na kaa yuko juu ya sahani, kaa ataonekana mkubwa kuliko alivyo kwa sababu yuko karibu na kamera.

Wamenipa picha na ukuzaji, wanataka ukubwa halisi.

Geuza kanuni: ukubwa halisi = urefu wa picha ÷ ukuzaji. Seli ya mm 36 kwenye picha ya ×600 ni 36 ÷ 600 = mm 0.06, yaani µm 60. Ukizidisha badala ya kugawanya utapata seli ya mita 21.6, ambayo haingetosha hata darasani.

Tukija kwenye utambuzi: ufunguo hufanyaje kazi?

Ni mfululizo wa hatua, kila hatua ikiwa na kauli mbili zinazopingana kuhusu sifa moja. Unasoma zote mbili, unatazama kielelezo, unachagua moja, nayo inakupeleka hatua nyingine au inakupa jina. Lamarck, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, aliutumia mtindo huu kwa mimea ya nchi yake mwaka 1778, na haujabadilika sana tangu hapo.

Soma kauli zote mbili hata kama ya kwanza inaonekana kukubali. Mara nyingi ya pili ndiyo inayokueleza ya kwanza ilikuwa na maana gani.

Tupeni mfano wa pwani yetu.

Huu hapa ni wa aina nane za mikoko ya Tanzania, kwa kutumia tawi lenye majani tu, bila maua wala matunda. Neno "mkoko" ndani ya ufunguo ni la aina moja, Rhizophora mucronata.

1a. Jani limegawanyika kuwa vijani (majani madogo) kadhaa: mkomafi (Xylocarpus granatum)
1b. Jani ni moja, halijagawanyika: nenda 2

2a. Majani yanapishana kwenye tawi: nenda 3
2b. Majani yametoka mawili mawili yakitazamana: nenda 4

3a. Upande wa chini wa jani una rangi ya fedha: msikundazi (Heritiera littoralis)
3b. Jani ni la kijani pande zote mbili: kikandaa (Lumnitzera racemosa)

4a. Upande wa chini wa jani ni mweupe wa kijivu: mchu (Avicennia marina)
4b. Upande wa chini ni wa kijani: nenda 5

5a. Ncha ya tawi haina ala ndefu iliyochongoka: mlilana (Sonneratia alba)
5b. Ncha ya tawi ina ala ndefu iliyochongoka, inayofunika majani machanga: nenda 6

6a. Ncha ya jani ni butu au ya mviringo: mkandaa (Ceriops tagal)
6b. Ncha ya jani imechongoka: nenda 7

7a. Jani lina kijisindano kigumu nchani na vidoa vidogo vyeusi upande wa chini: mkoko (Rhizophora mucronata)
7b. Halina kijisindano wala vidoa vyeusi: muia, wengine humwita msinzi (Bruguiera gymnorhiza)

Chukua tawi ambalo majani yake yanatazamana, kijani juu na chini, nchani kuna ala ndefu, ncha kali, na ukilipindua jani unaona vidoa kana kwamba kuna aliyeligusa kwa ncha ya kalamu. Njia yake ni 1b, 2b, 4b, 5b, 6b, 7a: mkoko. Iandike njia nzima hivyo kwenye daftari. Mwalimu akikuta jina si lenyewe anaona papo hapo ulipopotelea.

Baada ya kupata jina, hakikisha kwa sifa ambazo ufunguo haukuzitumia. Mkoko una mizizi inayotoka juu ya shina na kupinda hadi topeni. Mchu una mizizi ya kupumulia iliyosimama wima, unene wa penseli, na mara nyingi chembe za chumvi juu ya majani. Mlilana nao una mizizi ya kupumulia, lakini ni minene na imechongoka kuelekea juu, na tunda lake limekalia kitako chenye umbo la nyota. Muia una mizizi inayotokeza udongoni kama goti, na vikombe vyekundu vya maua. Mkomafi una tunda la duara, kubwa kuliko chungwa.

Nitajuaje kama ninachotazama ni jani au ni kijani kimoja cha jani lililogawanyika?

Tafuta chipukizi. Kwenye pembe kati ya kikonyo cha jani na tawi kuna chipukizi dogo. Kwenye pembe ya kijani hakuna. Fuata kikonyo nyuma mpaka ulikute, na kila kilichoko mbele yake ni jani moja. Wasiofanya hivi huyaona majani ya mkomafi kuwa manne yanayotazamana, wanaruka hatua ya 1, na kuishia kwenye mlilana.

Kwa nini kaa wangu anaishia kuwa buibui?

Kwa sababu hukuhesabu magando. Funguo za wadudu na jamaa zao huanza na idadi ya miguu: mende jozi tatu, buibui jozi nne, kaa na kamba jozi tano, tandu na jongoo miguu mingi. Magando ya kaa ni jozi ya kwanza ya miguu. Ukiyaacha kando kama "mikono", unabaki na jozi nne na ufunguo unakupeleka kwa buibui bila kusita.

Buibui naye hupotosha kwa upande wa pili. Mbele ya miguu yake ana jozi ya viungo vifupi vya kugusia, na wengi huvihesabu, wakapata jozi tano. Angalia vilipoungana: vinatoka karibu na mdomo na ni vifupi kuliko miguu yote. Kamba naye ana vijiguu vya kuogelea chini ya tumbo. Hesabu ile miguu iliyo chini ya kifua tu.

Tandu na jongoo hutenganishwa kwa kutazama pingili za katikati ya mwili. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili, jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi. Pingili za mwanzo za jongoo zina miguu michache, kwa hiyo usihesabu karibu na kichwa.

Na mguu uliokatika? Kamba na kaa wa sokoni hufika wakiwa wamekwaruzika. Hesabu vitako vya miguu, si miguu yenyewe, na linganisha kulia na kushoto.

Sifa zipi hazifai kwenye ufunguo?

"Mkubwa" na "mdogo" bila kipimo. Kaa mkubwa kwa nani? Andika "gamba lina upana unaozidi mm 50" au acha.

Rangi ifanye kazi pale tu inapodumu. Kielelezo kilichokaa kwenye spiriti au formalini hupauka, na kaa aliyechemshwa huwa mwekundu hata kama hakuwa hivyo. Sifa ya jinsia moja nayo ni mtego: kwa wale kaa wadogo wa matopeni wenye gando moja kubwa, gando hilo ni la dume tu. Jike ana mawili madogo, na ufunguo unaotegemea gando kubwa utamtupa kwenye kundi lisilo lake.

Epuka pia tabia na mahali. "Anakaa kwenye mashimo" hakuonekani kwenye sinia la maabara.

Kielelezo changu hakimo kwenye ufunguo. Ufunguo utaniambia?

Hapana, na hapa ndipo penye hatari. Ufunguo hutoa jina kwa chochote. Jani la mkungu lililookotwa ufukweni Ras Kazone, ukilipitisha kwenye ufunguo wa hapo juu, linakwenda 1b, 2a, 3b na kuitwa kikandaa. Lakini jani la mkungu ni la sentimita 15 hadi 25, na la kikandaa ni la sentimita chache tu, nene, lenye kipengo kidogo nchani. Ndiyo maana uhakiki wa mwisho si hiari. Vivyo hivyo mkomafi dume, ambaye ni aina nyingine, atapewa jina la mkomafi, kwa kuwa ufunguo huu haukumtenga.

Nikikwama katikati nifanyeje?

Fuata njia zote mbili hadi mwisho, upate majina mawili, kisha linganisha kielelezo na kila moja. Ukifika mahali ambapo kauli zote mbili zinakataa, umeshakosea hatua moja au mbili nyuma. Rudi kwenye ile uliyojibu kwa kusitasita.

Nitatengenezaje ufunguo wangu mwenyewe?

Panga vielelezo mezani na uvipe herufi. Tafuta sifa moja inayovigawa makundi mawili, ikiwezekana yanayokaribiana kwa idadi, kwa sababu ufunguo unaotoa kielelezo kimoja kimoja kila hatua unakuwa mrefu kwa msomaji. Sogeza makundi kwa mkono, mbalimbali kabisa. Gawa tena kila kundi mpaka kila kielelezo kibaki peke yake. Ndipo uandike, ukianzia mgawanyo wa kwanza.

Idadi ya hatua ni idadi ya vielelezo ukitoa moja: vielelezo nane, hatua saba, kama ulivyoona kwenye mikoko. Ukiwa na nane kwa nane, kuna sehemu hukugawa vizuri au umerudia.

Kauli mbili za hatua moja zizungumzie kitu kimoja. "Ana mbawa / ana miguu minane" si hatua, maana asiye na mbawa na asiye na miguu minane hana pa kwenda. Andika "ana mbawa / hana mbawa". Kisha mpe mwenzako ambaye hakuwepo wakati unapanga. Wewe mwenyewe utafika sahihi hata kama ufunguo ni mbovu, kwa sababu jibu unalijua.

Majani ya mikoko yaandaliwe vipi kwa darasa zima?

Nenda maji yakiwa yamekupwa, na angalia saa za kujaa kabla ya kuwapeleka wanafunzi. Mikoko ni misitu ya hifadhi, kwa hiyo omba ruhusa kwa ofisi ya misitu na serikali ya mtaa, na usikate matawi makubwa. Kitawi chenye ncha nzima na jozi nne za majani kinatosha kwa kundi la wanafunzi watano.

Ncha ya tawi isikatike, kwa sababu hatua ya 5 inaitegemea. Wanafunzi watazame jozi ya tatu au ya nne kutoka nchani: majani machanga hayajapata umbo lake, na yale ya zamani yameliwa na wadudu. Funga kila aina kwenye mfuko wake pamoja na gazeti lililoloweshwa, weka kivulini, na utumie siku hiyo au kesho yake. Jani la mchu likinyauka hujikunja upande wa chini ukafichika, na nusu ya darasa itateleza kwenye hatua ya 4.